Alama ya A katika Sayansi: Uhaba Wake na Wajibu Wetu

(Maneno ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Msambweni)



Awali ya yote twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena. Twawashukuru pia wanachama waliolipa ada zao kwa wakati, kwani pasipo ada hizo kamati yetu isingekuwa na neno la kuwaambieni leo.

Katika taarifa ya mweka hazina mmeona mstari mmoja unaorudi kila mwaka bila kubadilika, nao ni ule wa fedha za tuzo ya sayansi. Mtakumbuka kwamba chama kiliamua, kwa nia njema kabisa, kumzawadia mtoto wa mwanachama atakayepata alama ya A katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, katika mtihani wa kidato cha nne. Fedha zimewekwa, mshindi hajapatikana. Baadhi yetu wamesema kwamba watoto ni wavivu. Wengine wamesema kwamba walimu ndio wavivu. Wako na walionong'ona kwamba A za sayansi ni za watu wa bara, wala hazikuandikiwa mtoto wa pwani. Kamati ilitakiwa iyachunguze maneno haya na kutoa shauri. Tumeyachunguza, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza yatupasa tuujue uhaba wenyewe ulivyo. Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, nao una madaraja 12, kutoka A mpaka E. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 520,000 waliufanya, na waliopata A ya jumla walikuwa zaidi ya 2,600. Yaani takriban mmoja katika kila 200. Mwaka uliofuata, 2016, watahiniwa walizidi 570,000, na waliopata A walikuwa 141 tu katika nchi nzima. Mmoja katika kila 4,000 hivi. Katika mtihani wa 2017 walikuwa 142. Kisha idadi ikaanza kupanda: 315 katika mtihani wa 2018, 627 katika ule wa 2019, 893 katika ule wa 2020, 1,138 katika ule wa 2021, hata ikafika 1,693 katika mtihani wa 2024, ambapo watahiniwa walipita 960,000. Huyo ni mmoja katika kila 570 hivi.

Ndugu wanachama, na tutafakari kidogo. Je, akili za watoto wa Kenya zilipotea ghafla mwaka 2016, kisha zikarejea kidogo kidogo? Hasha. Kilichobadilika ni mtihani na usimamizi wake. Ule wa 2015 ulivuja. Watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo yao, na mwezi wa Machi 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Bwana Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani, na usimamizi ukakazwa. Zaidi ya hayo, mipaka ya madaraja huwekwa na Baraza baada ya karatasi kusahihishwa, kila somo na mipaka yake. Jirani zetu wa Tanzania nao waliliona jambo hili waziwazi: matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo yalionyesha kwamba watahiniwa wapatao asilimia 60 wamepata sifuri, yalifutwa mwaka 2013 na kupangwa upya.

Basi A si nyota iliyotundikwa mbinguni. Ni mstari uliochorwa na watu, na watu huusogeza. Wazee wetu waliosoma zama za mtihani wa Cambridge wanajua kwamba siku hizo alama bora ziliitwa 1 na 2, na karatasi zilivuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza; na hata zama hizo alama ya 1 katika sayansi haikuokotwa njiani.

Walakini haifai tuseme kwamba kwa kuwa mstari ni wa watu, basi tusijali. Mtoto wetu hana mstari mwingine wa kuvuka ila huo. Kwa hiyo na tuitazame hesabu yake. A ya jumla hupatikana katika masomo saba. Kila somo lina pointi 12, na jumla yake ni 84. Hupewa A mwenye pointi 81 au zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto ameruhusiwa kupoteza pointi tatu tu katika masomo yote saba. Kwa miaka mingi, mpaka utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2023, sayansi mbili zilikuwa lazima katika hesabu hiyo, pamoja na Hisabati, Kiingereza na Kiswahili. Basi mtoto aliyepata A katika masomo matano, kisha akapata B+ katika Kemia na B+ katika Baiolojia, alikuwa amekwisha kupoteza pointi nne, na mlango umefungwa. Huyo si mtoto mvivu. Huyo ni hodari ambaye sayansi ilimshika nguo akiwa kizingitini.

Wala si yeye peke yake. Katika mitihani ya 2016, 2017 na 2018, wastani wa taifa zima katika Kemia haukufika theluthi moja ya alama. Na katika Baiolojia vivyo hivyo. Kwa hiyo neno la kwamba sayansi inawashinda watoto wa Kwale peke yao si neno la kweli, nasi twaomba lisirudiwe mbele ya watoto.

Sasa swali ni hili: alama zinapotelea wapi? Katika kila moja ya sayansi hizi tatu mtahiniwa hufanya karatasi tatu. Mbili ni za nadharia, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, nayo ina alama 40. Jumla ni 200, ambazo hugawanywa zikawa 100. Kwa hiyo sehemu moja katika tano ya alama zote haipatikani kwa kukesha na daftari. Hupatikana kwa mkono, kwa jicho, na kwa chombo kilicho juu ya meza. Mtoto anayepoteza nusu ya alama za vitendo amepoteza 10 katika 100, hata kama kichwa chake kimejaa kitabu kizima. Mtu wa kawaida aweza kuzifidia kumi hizo na bado akafaulu. Mwenye kutafuta A hana pa kuzifidia.

Tutatoa mfano mmoja, maana tuliuona kwa macho yetu. Tulikwenda katika shule moja ya upande huu wa kusini, ambayo hatutaitaja, tukaruhusiwa kukaa nyuma ya chumba wakati kidato cha nne wakijizoeza kupima asidi kwa alkali. Chombo kitumikacho ni bureti, mrija wa kioo mrefu mwembamba wenye mistari. Bureti hazikutosha, wanafunzi walikaa makundi makundi, mmoja akishika, waliosalia wakitazama. Binti mmoja, ambaye mwalimu alitwambia ndiye wa kwanza darasani, alikuwa akiishika kwa mara ya pili tu maishani mwake. Alisoma mstari akiwa amesimama, akitazama kutoka juu, badala ya kuinama mpaka jicho likawa sawa na sehemu ya chini ya mpindo wa maji. Hesabu zake zote zilizofuata zilikuwa sahihi. Jawabu lilikuwa na kosa.

Katika mtihani wa kweli, kipimo cha mtahiniwa hulinganishwa na kile alichokipata mwalimu wake kwa dawa zilezile. Tofauti ya nukta chache za mililita yatosha kuondoa alama. Hutolewa alama pia kwa jedwali lililojazwa lote, na kwa kuandika nukta za desimali kwa namna moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Haya si mambo ya akili nyingi. Ni mambo ya mazoea, kama fundi wa jahazi ajuavyo ubao kwa kuupapasa. Binti yule hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na siku za kuishika bureti. Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ataiinamia bureti ipi, ikiwa moja yashikwa na watu wanane?

Jambo la pili tuliloliona ni la maneno. Sayansi katika shule zetu za sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto wetu hufikia Kiingereza hicho kwa kupitia Kidigo au Kiduruma, kisha Kiswahili. Sisi twasema sukari imeyeyuka ndani ya chai, na barafu imeyeyuka juani; neno ni moja. Kiingereza cha sayansi kina neno moja kwa sukari na jingine kwa barafu, na atakayelitia la barafu mahali pa sukari hukosa alama, ingawa alichokiona ni sahihi. Hali kadhalika sisi twasema "nguvu" kwa mambo matatu au manne ambayo mtahini huyatenga kama mbalimbali, na "joto" kwa mambo mawili. Kasoro si ya lugha yetu. Wataalamu wa Kiswahili wamekwisha kuyapambanua: mna kani na nishati, mna joto na jotoridi, mna uzito na tungamo; na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi nzima ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kasoro ni kwamba hakuna anayemketisha mtoto akamwonyesha ni wapi neno moja la nyumbani linagawanyika mawili shuleni. Mtoto hulijua jambo, akalisema kwa neno la jirani yake, akahesabiwa mjinga.

Wala tusidhani kwamba sayansi ni mgeni aliyeshuka jana katika pwani hii. Babu zetu walichoma mawe ya matumbawe katika tanuri mpaka yakawa chokaa. Kisha wakaimiminia chokaa ile maji, nayo ikachemka pasipo moto. Hilo ni somo zima la Kemia ya kidato, na nyumba za kale za ukanda huu zimesimama juu yake. Mama zetu wajua kwamba kanzu nyeupe iliyodondokewa na mchuzi wa manjano, ikitiwa sabuni, doa hugeuka jekundu. Na likikamuliwa ndimu hurudi kuwa la njano. Shuleni mwanafunzi huuziwa dawa ya chupa ili aone kitu hichohicho, yaani namna rangi inavyopambanua asidi na alkali. Mwaka 1998 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mpango wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa Hisabati na sayansi, na msingi wake mmoja ulikuwa huu: mwanafunzi atende kwa mikono yake, na pale ambapo chombo hakuna, mwalimu abuni badala yake kwa vitu vilivyo karibu. Manjano yako karibu. Chokaa iko karibu. Mawimbi, kupwa na kujaa, viko mbele ya macho yetu kila siku pale Diani na Shimoni.

Huenda mtu akauliza, kwa nini tujitaabishe? Si kila mtoto atakuwa daktari. Ni kweli. Lakini tuitazame ardhi tuliyoikalia. Katika vilima vya mchanga vya Maumba na Nguluku yalichimbwa madini ya titani kwa zaidi ya miaka 10; shehena ya kwanza ilisafirishwa mwezi wa Februari 2014, na uchimbaji ukamalizika Desemba 2024. Mlima Mrima una niobi na madini mengine adimu ambayo mataifa makubwa yanayatafuta. Katika maji yetu mna kichocho, na katika vijiji vyetu mngali na wagonjwa wa matende. Watafiti wamekuja Msambweni na Kwale kutoka taasisi za Nairobi, Marekani na Japani kuyachunguza maradhi ya hapa. Twawashukuru. Lakini kila mgeni afikapo na darubini yake, hujiuliza sisi wenyewe: ni nani kati ya watoto wetu atakayekaa upande wa pili wa darubini hiyo? Mchanga uliokwisha kuondoka umeondoka. Mlima ungalipo, na maradhi yangalipo, na mkataba ujao utasomwa ama na mtu wetu anayejua niobi ni nini, ama na mtu wa kusomewa.

Bwana Mwenyekiti, baada ya maelezo haya, kamati yatoa shauri lake. Nalo halikukubaliwa na sisi sote kwa urahisi, bali baada ya majadiliano marefu. Twaomba tuzo ya sayansi ifutwe, na fedha zake zote zitumike kwa kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni sanduku la maabara. Zinunuliwe bureti, pipeti, vipimajoto, lenzi, saa za kusimamisha, na mita za kupimia umeme, za kutosha wanafunzi 20 kila mmoja na chake. Sanduku hilo lizunguke katika shule zetu kwa zamu, kutoka Diani hadi Lunga Lunga, likiwa mkononi mwa mwalimu mmoja aliyeandikiwa, na kila kilichovunjika kiandikwe daftarini.

Kazi ya pili ni Jumamosi za vitendo. Vijana wetu walio katika vyuo vya Mombasa na kwingineko hurudi nyumbani wakati wa likizo. Chama kiwape nauli na chakula cha mchana, nao waketi na watoto wa kidato cha tatu na cha nne mezani, chini ya mwalimu wa shule, mpaka kila mtoto awe ameishika bureti mara kumi kabla ya siku ya mtihani.

Kazi ya tatu ni kijitabu kidogo cha maneno, chenye maneno ya nyumbani yanayogawanyika shuleni, kwa Kiswahili na Kiingereza, kitakachotungwa na walimu wenyewe na kugawiwa bila malipo.

Tulipolitoa shauri hili katika kamati, mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia: "Mkiondoa tuzo, mmewaambia watoto kwamba A haina thamani." Neno lake ni zito, nasi hatulipuuzi. Ni kweli kwamba mtoto hupenda kuitwa mbele ya watu na kupigiwa makofi. Lakini tuzo humngojea mtoto mwisho wa safari, naye ameshindwa kuvuka kwa sababu hakuna daraja. Na mwenye fedha za daraja akizitundika ng'ambo ya mto kama zawadi, hajamsaidia msafiri. Zaidi ya hayo tuzo yetu ilimtazama mtoto mmoja, ilhali wengi waliokwama katika D wangeliinuliwa hadi C kwa meza ileile na chombo kilekile, na C hiyo ndiyo ingewafungulia njia ya kuendelea na masomo au kufunzwa kazi ya ufundi. Tanzania waliacha kutangaza majina ya watahiniwa bora, tangu matokeo yaliyotolewa Januari 2023. Elimu yao haikusimama kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kwa kuliheshimu neno la mzee wetu, twashauri kwamba kila mwaka mtoto aliyeinuka zaidi katika somo la sayansi, awe ametoka E akafika C, au ametoka B akafika A, aandikiwe barua na chama, na barua hiyo isomwe katika mkutano huu mbele ya wazazi wake.

Mwanachama mwingine aliuliza kama hatujachelewa, kwa kuwa mtihani wenyewe waondoka. Ni kweli kwamba KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027, na kwamba watoto wa mtaala mpya wameanza Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Lakini mtaala huo una njia ya sayansi na ufundi, na njia hiyo yahitaji maabara kuliko mtaala uliotangulia. Jina la mtihani litabadilika. Bureti itasomwa vilevile. Shule isiyokuwa na vyombo haitawanyima watoto wake A tu, bali itawafungia njia yenyewe kabla hawajaikanyaga.

Wala hatusemi kwamba chama kidogo kama hiki kitashika kazi ya serikali. Serikali ya Kaunti ina mpango wake wa ufadhili, Elimu ni Sasa, na wizara ina wajibu wake wa walimu na majengo. Hayo na yadaiwe kwa heshima na bila kuchoka. Lakini sanduku moja la vyombo liko ndani ya uwezo wetu, na fedha zake ziko benki tayari, zikingojea mshindi ambaye hatukumsaidia kushinda.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba hoja hii ipigiwe kura leo kabla ya kuahirisha mkutano. Ikikubaliwa, kamati itatoa hesabu ya kila senti katika ripoti ya mwaka ujao, pamoja na idadi ya watoto walioketi mezani. Ikikataliwa, tutaendelea kuitunza tuzo kwa uaminifu kama tulivyoagizwa. Lakini twaomba basi wale wasemao kwamba watoto wetu ni wavivu waje pamoja nasi Jumamosi moja, waketi nyuma ya chumba kile, wamwone binti yule akingojea zamu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kheri.